Meza ya Mwalimu Gaudensi

"Da Koletha, kichomi," Zuhura aliniambia. Alikuwa ameshika ubavu wa kulia kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba kuku anayeogopa asimponyoke. Tulikuwa kwenye ngazi ya kupandia stoo ya vitabu, Jumapili mchana, tumbo lina wali wa sikukuu, ukungu wa kipupwe bado haujaondoka kwenye miti ya shule. Mimi nilikuwa ngazi mbili juu yake. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba aseme kwa Kiingereza. Nikamwona anatafuta. Macho yake yalikwenda juu, yakarudi, midomo ikafunguka, ikafumba. Neno hakuwa nalo. Na mimi niliyemdai, sikuwa nalo pia. Nimekuja kulijua nina watoto watatu, nikilisoma kwenye boksi la dawa. Zuhura akanyamaza. Akapanda ngazi, akaingia, akakaa kwenye kiti chake kwa saa mbili bila kutoa sauti. Jumanne alikuwa maiti. Waliomuua kwa ile sheria ya kukataza Kiswahili ni watu watatu, na nitawataja kwa majina, kwa sababu nimechoka kuwataja moyoni: Mwalimu Gaudensi aliyeitunga, Filomena aliyeilinda, na mimi, Koletha, niliyeitekeleza.

Sikuwa na mpango wa kuandika. Mimi ni muuza maharage na dagaa hapa Lizaboni, elimu yangu ni kidato cha pili tena cha kufukuzwa, na kalamu naishika nikiandika bei. Lakini kusoma nasoma. Mteja akiwa haba huwa na kitabu chini ya meza, na watu wa mtaani wameshazoea: "Mama Neema, acha kusoma, nipimie dagaa!" Binti yangu Neema alipokuwa chuo aliniletea hadithi fulani, akasema siku hizi ziko nyingi, vijana wanazipenda, ni kama ukoo mzima wa vitabu. Zote zinafanana kama ndugu. Kuna shule ya zamani yenye kuta nene na baridi. Kuna maktaba. Kuna mwalimu mmoja mwenye maneno matamu anayechagua wanafunzi wachache na kuwafungia mlango. Wanavaa makoti mazito, wanasema lugha za watu waliokufa, wanajiona wao ndio wao. Halafu mmoja wao anakufa, na waliobaki wanabaki na siri nzuri ya kuwapa huzuni maisha yao yote. Neema alinitafsiria ya kwanza jioni baada ya jioni, mimi nachambua mawe kwenye maharage, yeye anasoma. Ilipofika pale mtoto anapokufa nikasimama, nikamwaga ungo wote chini. Akasema, "Mama, si hadithi tu?" Nikamwambia, "Hadithi tu ndiyo iliyotupandisha ngazi."

Kesho yake nilimwomba aendelee. Hapo ndipo penye aibu yangu, na sitaificha, maana nikiificha nitakuwa kama wao. Vitabu hivi navipenda. Navichukia na navipenda. Mtu akiandika vumbi la kitabu cha zamani, akaandika mwanga wa dirisha dogo unavyoanguka kwenye meza, na msichana maskini anavyosikia jina lake linatajwa mara ya kwanza na mtu msomi, mimi moyo unaniruka kama wa mwali. Nimesoma saba mpaka sasa, kamusi pembeni. Kila kimoja nakiweka chini nikiwa na hasira, na kila kimoja nakimaliza. Hasira yangu si kwamba wanadanganya. Kile cha kutaka kuchaguliwa wanakijua, tena wanakijua barabara. Hasira yangu ni kwamba maiti kwenye vitabu vyao haina mama. Haioshwi na mtu. Haisafirishwi. Inakufa ukurasa wa mia na kitu, kisha wenzake wanaendelea kuwa wazuri.

Kwetu ilianza na mkate. Hilo pia sijaliona kitabuni. Humo wanakunywa mvinyo, wakati kwetu hata kunusa pombe ya ulanzi lilikuwa kosa la kurudishwa nyumbani. Shule yetu ya bweni ilikuwa upande wa barabara ya Peramiho, na jina lake nalizika kwa kuwa haipo tena kwa jina lile na waliomo sasa hawana hatia. Chakula kilikuwa ugali na maharage, maharage na ugali, na wadudu wa maharage tuliwaita nyama ili tucheke. Mwezi wa tatu mwaka ule nikiwa kidato cha pili alikuja Mwalimu Gaudensi kufundisha Kiingereza. Kijana, mrefu, ana koti la sufu la rangi ya kahawia analovaa hata jua likichoma, mfukoni ana kiko kisicho na tumbaku. Alipewa funguo za stoo ya vitabu, chumba cha juu ya kanisa la zamani ambalo siku hizo lilikuwa ghala la mahindi. Akaondoa makasha, akaweka meza moja ndefu, viti vitano, na mshumaa hata mchana, kwa sababu dirisha lilikuwa dogo na, kama alivyosema, kwa sababu akili hupenda moto. Kulinuka nta, ukungu wa karatasi na mavi ya popo. Akatuchagua wanne: mimi kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, Filomena kwa kuwa Kiingereza chake kilitiririka, Zuhura kwa hesabu na kumbukumbu, na Restituta, ambaye ameshatangulia mbele ya haki na marehemu simsemi. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tulipanda juu, na mezani tulikuta chai ya maziwa na mkate wa boflo uliopakwa siagi mpaka pembeni. Nilipokula ule mkate mara ya kwanza nilitafuna polepole mpaka Filomena akanicheka: "Koletha, unausomea misa?" Tukajiita watu wa Meza. Bwenini wenzetu walituita watu wa siagi, na walikuwa wanasema kweli kuliko sisi.

Mwalimu alitusomea riwaya moja ya Wazungu, ya wavulana wa shule ya baridi waliokuwa na chama chao cha siri na kanuni zao. Alisoma vizuri, laana na iwe juu yake, alisoma vizuri mno. Tulipoteremka tulikuwa hatutembei, tunaelea. Tukataka kanuni kama wale wavulana. Sasa, shule nzima ilikuwa na kibao, kama shule nyingi za enzi zile: ubao wenye kamba ya katani, anayekamatwa akisema Kiswahili au lugha ya kwao anavishwa shingoni, naye anamwinda mwingine ili amvishe. Kila mtu aliuchukia. Sisi wanne tulikwenda kuomba tuwe na wa kwetu. Naandika tena ili nisije nikasema sikuandika: tuliomba. Mwalimu alifurahi akauchonga mwenyewe, mdogo, laini, wa mninga, akaupiga msasa ukang'aa. Akatunga sheria. Mtu wa Meza hasemi Kiswahili kwa mtu wa Meza mahali popote, darasani, bwenini, chooni. Akisema, asijibiwe mpaka aseme kwa Kiingereza. Akirudia, avae kibao mpaka Jumapili. Akivaa mara tatu, atoke Mezani, aingie mwingine. Kila wiki mmoja wetu alikuwa mshika kibao, mwenye daftari la kuandika majina. Filomena alisema kwa Kiingereza chake cha mtiririko kwamba sasa na sisi tumekuwa kitu. Nikapiga makofi.

Zuhura alitoka Tunduru, kwao wakulima wa korosho, na alikuwa mmoja wa Waislamu wachache pale shuleni. Alikuwa ametuzidi wote. Ukimsomea ukurasa mara moja anakurudishia wote, hata asiouelewa, kwa sababu tangu utotoni alihifadhi Kurani na kichwa chake kilikuwa kimelimwa mapema. Lakini Kiingereza cha kukariri si cha kuongea. Akitaka kuomba maji ilibidi akae akunje uso, atafute. Mwalimu alikuwa anafurahia kumtazama anavyotafuta; alisema ni kama kumtazama mtu anachonga. Kufikia mwezi wa sita Zuhura alikuwa ameshavaa kibao mara mbili, mara moja kwa sababu alisema "uwii" alipoungua chai. Akawa anaongea kidogo. Kisha akawa haongei kabisa. Nilimsikia siku moja nyuma ya bweni anaongea na kuku wa matroni kwa Kiyao, anacheka peke yake, na mimi nikapita kimya kama sikusikia. Hilo ndilo jambo jema pekee nililomfanyia mwaka ule.

Wiki ya kipupwe kikali zamu ilikuwa yangu. Ijumaa Zuhura alianza kukohoa. Jumamosi tulifua kwenye mto, maji yanakata vidole, na usiku kitanda chake kilikuwa kinatetemeka mpaka kiligonga cha kwangu. Asubuhi nikamwambia Filomena, kwa sauti ya chini tukichana nywele, kwamba Zuhura anaumwa apelekwe kwa matroni. Nilisema kwa Kiswahili. Alinitazama kwenye kioo kama hajasikia. Nikarudia kwa Kiingereza, vibaya vibaya. Ndipo akajibu, na nikimtafsiri ni hivi: "Akitaka matroni ataomba mwenyewe. Hana kinywa? Anajua kwamba akivaa mara ya tatu anatoka. Usimpendelee, Koletha. Ukimpendelea nitamwambia Mwalimu, na daftari litakuwa na jina lako." Kando yetu wasichana wa kitanda cha pili walikuwa wanatucheka. "Watu wa siagi wanateta kwa kimombo," mmoja akasema, "hata mgonjwa wao anakohoa kwa kimombo." Nikaogopa. Niliogopa nini? Naulizwa na moyo wangu kila nikipima maharage. Niliogopa kurudi kwenye maharage.

Basi ikaja ile ngazi, ikaja ile "Da Koletha, kichomi," na jibu langu. Ndani, Zuhura alikaa karibu na dirisha. Hakugusa mkate. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile, likashuka shingoni likaingia kwenye kola. Kila akivuta pumzi aliikata katikati, kama mtu anayekanyaga mwiba. Mwalimu Gaudensi alimwona. Asije akasema hakumwona, kwa sababu alisimama, akaweka mkono kwenye bega lake, akatuambia tumtazame Zuhura, ameushinda ulimi wake, leo hajakosea hata neno moja, na kwamba kunyamaza ndiyo hatua ya kwanza ya usomi. Filomena akaandika maneno hayo kwenye daftari lake. Mimi nilikula mkate wa Zuhura. Aliusogeza kwangu kwa kidole kimoja, nikaula.

Jumatatu hakuamka kwenda mstarini. Matroni alipofunua blanketi alipiga kelele akamwita dereva wa trekta, wakamlaza kwenye tela juu ya magodoro mawili. Hospitali walifanya walichoweza. Matroni aliporudi Jumanne alisimama kwenye mlango wa bweni, akasema daktari ameuliza, "Huyu alikuwa wapi tangu Ijumaa?" Lori la mizigo lililokuwa linakwenda Tunduru ndilo lililomchukua, amezungushiwa shuka zetu za bweni, na mkuu wa shule alimpa dereva barua ya mzazi. Mimi niliiona ile bahasha, na Mwalimu Gaudensi akitoka ofisini pamoja na mkuu. Sikujua ndani kuna nini.

Baada ya hapo niliitwa ofisini. Mkuu amekaa, Mwalimu Gaudensi amesimama dirishani na koti lake, Filomena kwenye benchi, mikono magotini kama bibi harusi. Mkuu aliuliza kibao kile kidogo ni cha nani. Mwalimu akasema ni michezo ya wanafunzi wenyewe, yeye hakuijua, amehuzunika sana. Nikamtazama Filomena. Akasema, "Koletha ndiye aliyekuwa anakishika. Ana daftari. Zuhura alimwomba, akakataa. Sisi tulikuwa hatujui." Daftari likatolewa, mwandiko wangu mzuri ukasomwa. Kila alichosema juu yangu kilikuwa kweli. Hapo ndipo alipokuwa na akili. Ijumaa nilikuwa barabarani na sanduku langu la bati. Mwalimu Gaudensi alihamishwa akapanda cheo, akapanda tena, amestaafu mtu mkubwa wa elimu. Filomena alisoma mpaka sasa anafundisha chuo kikuu, na mwaka huu ameandika riwaya.

Ndiyo, ni ya ukoo ule ule. Neema aliniletea bila kujua. Nilipofika ukurasa wa tatu nilisikia harufu ya nta na mavi ya popo, nikakifunga, nikaenda nje kupunga hewa. Ameandika vizuri, siwezi kusema uongo. Kile chumba amekirudisha chote, hadi ubao wa sakafu uliokuwa unalia. Nilikuwa na miaka kumi na sita tena, na kama ngazi ile ingekuwepo ningeipanda, na ukubwa wangu huu. Lakini kibao amekifanya nishani ya fedha. Mkate ameufanya mvinyo. Mwalimu ni mtu mpweke aliyeteswa na mapenzi ya elimu, msomaji anamwonea huruma. Zuhura amepewa jina la Kikristo na gauni jeupe, anaanguka kutoka mnara wa kengele kwenye ukungu, anakufa papo hapo bila kikohozi wala jasho. Na kuna msichana mnene, mwenye wivu, anayeandika majina ya watu. Anafukuzwa ukurasa wa sabini na hasikiki tena. Nililia niliposoma. Nililia kwenye mnara wa kengele, mahali ambapo hapakuwahi kutokea kitu. Hilo silisamehe: ameniliza kwa uongo, wakati kwa ukweli nilikuwa nimekauka.

Wakaandaa mkutano wa waliosoma pamoja, ukumbi mmoja kule Ruhuwiko, kumpongeza mwandishi na kumuaga Mwalimu. Nilivaa kitenge kipya nikaenda. Nyuma yangu kwenye foleni ya pilau wawili walikuwa wananong'ona. "Si ndiye yule aliyefukuzwa?" "Nani?" "Yule wa yule mtoto wa Tunduru." "Shh, anasikia. Chukua kachumbari." Mwalimu Gaudensi alikuwa meza ya mbele, mzee wa mvi, na shikamoo ilinitoka kabla sijaizuia, nikajichukia. "Marahaba, marahaba," akasema. "Wewe ni... usiniambie, usiniambie..." Sikumwambia. Filomena alinikumbatia akinukia marashi. "Koletha! Umenawiri jamani! Umekisoma?" Nikamwambia nimekisoma mara mbili. "Umelia?" Nikasema nimelia. Akashika mkono wangu, macho yanang'aa kwelikweli. "Basi nimefanikiwa." Nikamuuliza, "Filomena, mama yake umemwandikia?" Akauliza, "Mama yake nani?" Kisha akakumbuka, uso ukabadilika, akasema, "Aa, Koletha. Ile ni sanaa." Watu wakaja kupiga picha, akaondoka na kitabu chake kifuani.

Wiki iliyofuata nilifunga biashara, nikapanda basi la Tunduru. Nilimkuta Bi Mwanahawa, mama yake Zuhura, amekaa kwenye mkeka anabangua korosho kwa kupapasa, macho yamepungua nuru. Nilimwamkia, nikajitaja. Hakunijua kwa jina, kwa hiyo nikasema nililala kitanda jirani na cha mwanawe. Akaacha kubangua. Akaniambia habari ya ile barua, ameihifadhi kwenye kopo. Mjukuu akaisoma kwa sauti. Ilisema marehemu aliugua ghafla, na kwamba alikuwa msichana msiri aliyeficha maradhi yake hata kwa rafiki zake. "Siku anaondoka nilimwambia," mama akasema, "nilimwambia, mwanangu, kwa watu usiwe mzito, usisumbue, vumilia. Naye akanitii. Miaka yote hii najua ni mimi niliyemuua kwa mdomo wangu."

Nikamwambia hakuficha. Nikamwambia ngazi, neno, mkate, kila kitu, huku mjukuu ametoa macho. Nilipomaliza mama alizisogeza korosho pembeni. Kisha akaagiza chakula, ugali wa muhogo na kisamvu cha korosho, nikasema siwezi, akasema, "Kula. Umetoka mbali." Nikala ninalia. Aliponisikia nimeacha kutafuna akauliza, "Kwa hiyo aliomba?" Nikasema aliomba, mama. Aliniomba mimi. Akarudia mara mbili, "Aliomba. Alhamdulillahi, aliomba." Halafu akageuza uso upande wangu. "Wewe umekuja. Na hao wenzako wawili?"

Si kazi yangu kuwajibia. Filomena, msomaji wako wa kwanza hayuko chuoni, yuko Tunduru na hajui kusoma. Mwalimu Gaudensi, wewe ulikaa ofisini siku ile barua inaandikwa, na yale maneno mazuri kwamba mtoto alikuwa msiri hayakutoka kichwani mwa mkuu wa shule. Mkuu hakumjua Zuhura. Ni nani aliyeyatamka? Mlipomwona anavuja jasho dirishani mlidhani ni nini? Sitaki mnijibu mimi, mimi mlishanifukuza. Mama Zuhura haoni vizuri lakini anasikia, na nyumbani kwake basi linafika kila siku. Nendeni mkakae kwenye mkeka wake, mmoja mmoja, mkamweleze kilichowafanya mwandike kwamba mwanawe hakuomba msaada. Anawasubiri. Ameniuliza, nami nawauliza hapa mbele ya watu: mnakwenda lini?